Bima ya nyumba na majanga ya asili: kwa nini jirani alipwe na wewe ukose

Dhoruba imevuma usiku kucha. Kulipopambazuka, nyumba mbili zinazotazamana ziko katika hali ileile: magodoro yameloa, kuta zimevimba, nyaya za umeme zimeharibika. Wenye nyumba wote wawili wamekata bima kampuni moja, wamelipa ada kwa wakati, na hati zao zinafanana neno kwa neno. Wiki chache baadaye mmoja analipwa fidia, mwenzake anapokea barua ya kukataliwa. Wala hakuna aliyedhulumiwa kwa mujibu wa mkataba. Kwa yule wa kwanza upepo uling'oa kona ya paa na mvua ikaingilia hapo. Kwa wa pili maji yalijaa mtaani, yakapanda, yakapita chini ya mlango.

Wengi wetu tunakata bima tukifikiria hasara: nyumba ikibomoka, kampuni itajenga. Waliouandika mkataba walifikiria chanzo cha hasara. Kabla ya kuuliza kimeharibika nini na kwa kiasi gani, kampuni inauliza kilichoharibu ni nini, kimeingia kwa njia gani, na kipi kilitangulia kipi. Ukiisoma hati yako kwa kufuata maswali hayo, vipengele vingi vinavyoonekana kama mitego vinaanza kueleweka, hata vile visivyopendeza.

Mkataba unaotaja na mkataba unaoondoa

Mikataba ya bima ya nyumba ina sura mbili kubwa. Ya kwanza hutaja majanga yanayolipiwa moja baada ya jingine: moto, radi, mlipuko, dhoruba, mvua ya mawe, wizi, na kadhalika. Kisichotajwa hakilipiwi. Ya pili husema inalipia hasara yoyote ya ghafla isiyotarajiwa, kisha inaweka orodha ya mambo inayoyaondoa. Mawakala hupenda kuiuza hii ya pili kama "bima ya kila kitu", jina ambalo lingefaa kupigwa marufuku, maana orodha ya vinavyoondolewa ndiyo yenye uzito, na mara nyingi mafuriko na tetemeko la ardhi vimo humo.

Tofauti ya sura hizi mbili inaonekana siku ya kudai. Kwa mkataba unaotaja, kazi ya kuthibitisha ni yako: uonyeshe kwamba hasara ilitokana na mojawapo ya majanga yaliyoandikwa. Kwa mkataba unaoondoa, ukishaonyesha kuwa hasara imetokea, kwa kawaida kampuni ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba chanzo kimo katika orodha ya vilivyoondolewa. Nyumba ikiwa imebaki msingi mtupu na hakuna aliyeshuhudia, suala la nani anabeba mzigo wa ushahidi linaweza kuamua kesi nzima.

Hapa niondoe dhana moja iliyozoeleka. Utasikia watu wakisema bima hailipi "kazi ya Mungu". Radi ni kazi ya Mungu, na karibu kila bima ya nyumba inailipia. Kimbunga hali kadhalika, katika mikataba mingi. Kinachoamua ni maandishi ya mkataba, na janga kuwa la asili peke yake si sababu ya kukataliwa.

Hesabu iliyo nyuma ya "hatulipi mafuriko"

Biashara ya bima inasimama juu ya jambo moja: hasara zisitokee kwa watu wote kwa pamoja. Moto wa jikoni unaunguza nyumba moja huku nyumba elfu nyingine zikiwa salama, na ada za hao elfu zinamjengea mmoja. Mtakwimu bima anaweza kukadiria mwakani nyumba ngapi zitaungua, na asikosee sana. Mafuriko hayafuati utaratibu huo. Mto ukivunja kingo, wateja elfu wa bonde zima wanadai siku moja, na mwaka uliotangulia hakuna hata mmoja aliyedai.

Kuna ugumu wa pili. Anayeishi juu ya kilima hana haja ya bima ya mafuriko na haikati. Anayeishi kando ya mto anaitaka sana. Basi kapu linajaa watu wenye hatari kubwa tu, ada inapanda, wenye hatari ya wastani wanajiondoa, nayo inazidi kupanda. Tetemeko la ardhi lina tabia hiyohiyo, tena baya zaidi, kwa sababu linaweza kukaa miaka mia bila kutokea kisha likabomoa jiji kwa sekunde chache.

Kampuni za bima nazo hukata bima. Kampuni za bima mtawanyo huchukua sehemu ya hatari ya kampuni ndogo na kuisambaza duniani kote, ili kimbunga cha bara moja kilipiwe kwa ada zilizokusanywa katika mabara mengine. Swiss Re, mojawapo ya kampuni kongwe za aina hiyo, ilianzishwa mwaka 1863, miaka miwili baada ya mji wa Glarus nchini Uswisi kuteketea na kuonyesha jinsi akiba ya kampuni za ndani ilivyokuwa ndogo mbele ya moto wa mji mzima. Mtandao huu unasaidia, lakini pia unaeleza kwa nini ada yako inaweza kupanda kwa sababu ya janga lililotokea mbali ambako hujawahi kufika.

Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida kusini, nchini Marekani, Agosti 1992, kampuni kadhaa za bima zilifilisika. Nyingine ziligundua kuwa zilikuwa zimeuza bima katika ukanda mmoja wa pwani kupita uwezo wao. Baada ya hapo jimbo hilo lilianzisha mfuko wake wa vimbunga mwaka 1993, na mikataba ya pwani ikaanza kuandikwa upya: kiasi ambacho mwenye nyumba anajibebea mwenyewe kikawa asilimia ya thamani ya nyumba badala ya fedha kidogo isiyobadilika. Nitakirudia kipengele hicho, kwa sababu kinauma.

Maji na njia zake

Hakuna kitu kinacholeta ugomvi katika bima ya nyumba kama maji. Bomba likipasuka ghafla ndani ya ukuta, kwa kawaida unalipwa. Bomba hilohilo likivuja kidogokidogo kwa miezi hadi ukuta ukaoza, hulipwi, kwa kuwa huo ni uchakavu na uzembe wa matunzo. Mvua ikiingia kupitia tundu lililotobolewa na upepo, unalipwa. Mvua ikiingia kupitia dirisha uliloliacha wazi au vigae vilivyokuwa vimepasuka tangu zamani, mara nyingi hulipwi. Maji yakijaa juu ya ardhi na kuingia ndani, hayo ni mafuriko, nayo kwa kawaida yanahitaji bima yake au nyongeza maalumu. Maji machafu yakirudi juu kupitia choo au mfereji wa sakafuni, mikataba mingi inayatenga katika kipengele kingine kabisa, ambacho nacho kina nyongeza yake. Maji yanayopenya polepole kutoka chini ya msingi karibu hakuna anayekubali kuyalipia. Bahari inayosukumwa nchi kavu na kimbunga huhesabiwa kuwa mafuriko, ingawa upepo ndio ulioisukuma.

Hilo la mwisho ndilo lililofikishwa mahakamani maelfu ya mara baada ya Kimbunga Katrina, Agosti 2005. Pwani ya Mississippi nyumba nyingi zilibaki sakafu tupu za zege. Bima ya kawaida ililipia upepo, haikulipia maji. Je, upepo ulikuwa umeibomoa nyumba kabla bahari haijafika, au bahari ndiyo iliyoifagia? Wahandisi wa kampuni waliandika ripoti, wenye nyumba wakaleta mashahidi na kumbukumbu za mwendo wa upepo. Aliyekuwa seneta wa jimbo hilo, Trent Lott, aliyepoteza nyumba yake Pascagoula, naye aliishtaki kampuni yake ya bima, wakaja kupatana mwaka 2007. Ukimwona mtunga sheria wa taifa hajui bima yake inalipia nini, huna sababu ya kuona haya kwa kutoielewa ya kwako.

New Orleans swali lilikuwa jingine. Kuta za kuzuia maji zilibomoka na mji ukazama. Wenye nyumba walidai kwamba ule haukuwa msiba wa asili. Ulikuwa kosa la wanadamu waliojenga kuta mbovu, kwa hiyo kipengele cha mafuriko kisitumike. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwakatalia: maji yakifunika nchi kavu ni mafuriko, hata kama binadamu alichangia.

Mikataba mingi ina sentensi moja inayozidi kuyakaza mambo. Inasema kwamba chanzo kilichoondolewa kikishiriki kuleta hasara, hasara hiyo hailipiwi hata kama chanzo kingine kinacholipiwa kilishiriki pia, iwe kwa pamoja au kwa kufuatana. Kwa lugha nyepesi: upepo na mafuriko vikikuharibia nyumba kwa pamoja, kampuni inaweza kudai kwamba mafuriko yameondoa haki yote. Baadhi ya mahakama huibana sentensi hiyo na kuagiza ulipwe sehemu iliyothibitika kuwa ya upepo, nyingine huitumia kama ilivyoandikwa. Itafute katika hati yako. Mara nyingi imekaa juu kabisa ya orodha ya vilivyoondolewa, mahali ambapo msomaji anaruka kwenda kwenye orodha yenyewe.

Hata neno mafuriko lenyewe halina maana moja. Katika mpango wa taifa wa bima ya mafuriko wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1968, maji lazima yafunike angalau ekari 2 za ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu, au mali 2 au zaidi. Kidimbwi kilichojaa uani kwako pekee kinaweza kisifikie kipimo hicho. Australia, baada ya mafuriko makubwa ya Queensland ya 2010 na 2011, watu waligundua kuwa majirani walilindwa au kuachwa kutegemea kampuni yao ilivyotofautisha mafuriko ya mto na maji ya mvua. Mwaka 2012 sheria ikaweka maana moja kwa kampuni zote: maji yaliyotoka au kuachiwa kutoka katika mipaka ya kawaida ya ziwa, mto, kijito, mfereji, hifadhi ya maji au bwawa. Walau ugomvi ukapungua.

Ardhi inapotikisika

Tetemeko linaleta swali la mpangilio: nini kilitangulia? San Francisco, Aprili 1906, ardhi ilitikisika kwa chini ya dakika moja, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa na kula sehemu kubwa ya jiji. Bima za moto zilikuwapo, za tetemeko hazikuwapo. Kampuni nyingi zililipa zote au sehemu, nyingine zikabishana kwamba nyumba ilikuwa imeanguka kabla haijaungua, nyingine zikafilisika. Hadi leo California moto unaofuata tetemeko unalipiwa na bima ya kawaida ya nyumba, wakati mtikisiko wenyewe unahitaji bima yake.

Japani ni kinyume. Bima ya moto ya kawaida nchini humo hailipii moto uliosababishwa na tetemeko. Moto huo, pamoja na tsunami na mlipuko wa volkano, umo katika bima ya tetemeko iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966, miaka miwili baada ya tetemeko la Niigata. Tena huwezi kuikata peke yake: inaambatanishwa na bima ya moto, na kiwango chake ni kati ya asilimia 30 na 50 ya kile cha moto. Haijakusudiwa kukujengea nyumba upya bali kukupa pa kuanzia. Malipo yake nayo ni ya madaraja: nyumba ikihesabiwa imeharibika kabisa unapata asilimia 100 ya kiwango, kisha 60, 30 na 5 kwa madaraja yanayofuata. Faida yake ni wepesi, kwa sababu mkadiria hahesabu kila tofali.

California yenyewe ilijifunza kwa tabu. Sheria ilizilazimisha kampuni zinazouza bima ya nyumba kumtolea mteja nafasi ya kukata ya tetemeko. Lilipokuja tetemeko la Northridge Januari 1994, madai yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni nyingi zilianza kukwepa kuuza bima yoyote ya nyumba. Mwaka 1996 jimbo likaanzisha mamlaka maalumu ya kubeba hatari hiyo. Humo mwenye nyumba huchagua kujibebea kati ya asilimia 5 na 25 ya kiwango cha bima, na wengi, wakishaona hesabu hiyo, huamua kukaa bila bima.

Halafu kuna ardhi inayosogea bila tetemeko: maporomoko ya matope, udongo wa mfinyanzi unaosinyaa wakati wa ukame na kuvimba wakati wa mvua, msingi unaozama. Karibu mikataba yote ya kawaida inaliondoa kundi hili lote kwa jina la mwendo wa ardhi. Kesi ngumu ni ya matope: yakiwa maji yaliyobeba udongo mwepesi, bima ya mafuriko inaweza kulipa, yakiwa kilima kilichoteleza, hailipi. Mwenye nyumba aliyezikwa sebule haoni tofauti yoyote, lakini mkadiria hasara analipwa kuiona.

Moto wa nyika una sifa nzuri ya kuwa moto tu. Bima inayolipia moto hulipia pia ule uliotoka msituni. Tatizo la sasa ni kuipata hiyo bima. Mei 2023 kampuni ya bima ya State Farm ilisitisha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba California, na wenye nyumba waliokosa kampuni wamekuwa wakikimbilia mpango wa jimbo ulio kimbilio la mwisho, ambao unalipia mambo machache kwa ada kubwa. Moto wa Los Angeles wa Januari 2025 uliwakuta wengi wakiwa katika mpango huo.

Fidia inavyopungua njiani

Tuseme chanzo kimekubaliwa. Bado kuna hesabu, na hapa ndipo watu wenye haki kamili hupata nusu.

Kwanza, kiwango cha bima kinapaswa kuwa gharama ya kujenga upya, si bei ya kuuza. Bei ya kuuza ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Kinyume chake, mahali ambapo bei za nyumba ziko chini, kujenga upya kunaweza kuzidi bei ya soko. Ongeza gharama ya kuondoa kifusi, ada za wahandisi, na masharti mapya ya ujenzi ambayo hayakuwapo nyumba ilipojengwa. Mikataba mingi hailipii ziada inayotokana na masharti mapya mpaka uinunue kama nyongeza.

Ukiweka kiwango kidogo ili kupunguza ada, adhabu inakuja hata kwa hasara ndogo. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni milioni 100, lakini umeikatia bima ya milioni 60. Paa limeng'oka, hasara ni milioni 30. Utadhani bima ya milioni 60 inatosha kabisa. Chini ya kanuni ya uwiano iliyomo katika mikataba mingi, umejikatia asilimia 60 tu, basi unalipwa asilimia 60 ya hasara: milioni 18. Milioni 12 ni zako, na hapo bado hujatoa eksesi, yaani kile kiasi unachojibebea mwenyewe katika kila dai.

Eksesi ya majanga ya asili mara nyingi ni asilimia, na ni asilimia ya kiwango chote cha bima, si ya hasara. Kwa nyumba hiyo, kama ungekuwa umeikatia milioni 100 na eksesi ya kimbunga ni asilimia 5, milioni 5 za kwanza ni juu yako. Hasara ya milioni 4 hailipwi hata senti. Eksesi hii inaanza kutumika kwa kutegemea jinsi mamlaka ya hali ya hewa ilivyoliita janga. Mwaka 2012 Sandy, iliyoipiga pwani ya mashariki ya Marekani, ilikuwa kimbunga hadi muda mfupi kabla ya kufika nchi kavu, kisha ikatangazwa kuwa dhoruba ya aina nyingine. Magavana wa New York na New Jersey wakasema eksesi ya kimbunga isitumike, na wenye nyumba wengi wakanusurika na mzigo huo kwa sababu ya tangazo la wataalamu wa anga.

Jambo linalohusiana ni saa. Mikataba mingi huhesabu kila kinachotokea ndani ya muda fulani, mara nyingi saa 72, kuwa tukio moja. Mitetemo mitatu ndani ya muda huo inakatwa eksesi moja. Wa nne ukija siku ya tano unakatwa nyingine. Christchurch, New Zealand, palipotikisika tena na tena kuanzia Septemba 2010, ilibidi mahakama iamue kwamba bima ya serikali inahuishwa, yaani kiwango chake kinarudi kamili, baada ya kila tukio, kisha zikafuata kazi za kuchosha za kugawanya nyufa: huu wa Septemba, ule wa Februari.

Angalia pia kama vitu vya ndani vinalipwa kwa bei ya kununua vipya au kwa thamani vilivyobaki nayo baada ya uchakavu, na kama kuna fedha ya kupanga nyumba nyingine wakati yako inajengwa. Mpango wa mafuriko wa Marekani, kwa mfano, haulipii malazi ya muda, na kikomo chake kwa jengo la familia moja ni dola 250,000, vitu vya ndani dola 100,000.

Na usisubiri mawingu. Mpango huohuo una siku 30 za kusubiri kabla bima haijaanza kufanya kazi, isipokuwa kwa hali chache kama mkopo mpya wa nyumba. Kampuni binafsi nazo husimamisha kuuza dhoruba ikishatangazwa. Aliyekopa benki asijidanganye kwamba bima ya benki ndiyo yake: mara nyingi inalinda deni, na malipo yanaanzia benki.

Serikali inapoingia kati

Kwa kuwa soko peke yake hukwama, nchi kadhaa zimewalazimisha wote waingie kapu moja. Ufaransa, kwa sheria ya Julai 1982, kila bima ya mali inabeba nyongeza ya majanga ya asili kwa kiwango kilekile kwa wote, aliye kilimani na aliye bondeni. Nyongeza hiyo ilipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 20 Januari 2025. Sharti ni kwamba serikali itangaze rasmi kuwa eneo lako limepatwa na janga. Bila tangazo hilo hakuna malipo ya mpango huo, na wilaya jirani yaweza kutangazwa ya kwako ikaachwa. New Zealand ina mfuko wa taifa tangu miaka ya 1940. Ukikata bima ya moto ya nyumba unaingia moja kwa moja, na jambo lisilo la kawaida ni kwamba mfuko huo unalipia hata sehemu ya ardhi iliyo chini na kando ya nyumba. Uturuki, baada ya tetemeko la Marmara la 1999, ilifanya bima ya tetemeko kuwa ya lazima kwa nyumba za mijini, na hati yake huulizwa unapounganishiwa umeme na maji. Uingereza kampuni za bima zinaweza tangu 2016 kupeleka hatari ya mafuriko kwa mfuko wa pamoja, Flood Re, lakini nyumba zilizojengwa baada ya 1 Januari 2009 hazimo, ili wajenzi wasitiwe moyo wa kujenga mabondeni. Mfuko huo umepangwa kufungwa 2039.

Nauona mfumo wa Ufaransa kuwa wa haki zaidi kwa maskini wa bondeni, na wa Uingereza kuwa mkweli zaidi kwa anayetaka kujenga leo. Yote miwili inapeleka gharama kwa mtu fulani. Tofauti ni nani.

Siku ya kudai

Piga picha kabla hujasafisha, hasa alama ya maji ukutani, ikionekana ni ya nje au ndani na imeanzia wapi. Zuia hasara isiendelee, kwa turubai au kwa kuzima umeme, kwa kuwa mkataba unakudai hivyo, na utunze risiti. Usitupe zulia wala mlango ulioharibika kabla haujakaguliwa. Mkadiria hasara anayekuja ameajiriwa au amelipwa na kampuni. Anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa, lakini hayuko hapo kwa ajili yako. Mweleze ulichokiona na usibuni usichokiona. Mtu anayesema "mafuriko yaliingia" akimaanisha mvua iliyotoka darini amejikatalia mwenyewe.

Ukikataliwa, omba barua inayotaja kipengele kamili cha mkataba na chanzo wanachodai. Linganisha na kumbukumbu za hali ya hewa za siku hiyo, saa kwa saa ukizipata, maana mara nyingi swali ni upepo ulifika saa ngapi na maji saa ngapi. Mhandisi wa kujitegemea ana gharama, lakini kwa nyumba nzima ni gharama ndogo. Kuna mamlaka ya usimamizi wa bima au msuluhishi karibu kila nchi, na kuna muda wa mwisho wa kushtaki ulioandikwa ndani ya hati, wakati mwingine mwaka mmoja tu.

Na malipo yakija na karatasi inayosema ni ya mwisho na umeridhika, uliza kwanza kama sakafu imefunuliwa na msingi umeangaliwa. Christchurch kulikuwa na nyumba zilizokwisha kutengenezwa na kukabidhiwa, ambazo zilifunguliwa upya miaka kadhaa baadaye kwa sababu nyufa za chini hazikuonekana mara ya kwanza au ukarabati ulifanywa vibaya.